Brasi, akriliki, nta au mshipi wa kuvulia: kipi kinafaa kushikia kaure iliyo wazi makumbusho

Sahani ya kaure iliyosimama kwenye kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, hupendeza hasa kwa kuwa haina kioo mbele yake. Ndivyo zilivyokaa sahani majumbani Lamu na Pate enzi zile, na ndivyo makumbusho yaliyomo ndani ya nyumba za kale yanavyopenda kuzionyesha hadi leo. Lakini kioo kikiondoka, kati ya sahani na sakafu hubaki kitu kimoja tu: kishikizo. Mkoba wa mgongoni wa mgeni anayegeuka kupiga picha, kiwiko, mtoto anayenyoosha mkono, na kwa kuwa tunazungumzia Lamu, paka pia. Vyote hivyo kishikizo kivihimili bila chombo chenyewe kuumia.

Wazee waliojenga makaburi ya nguzo Kunduchi walikuwa na dawa yao: mabakuli ya Kichina waliyazamisha ndani ya chokaa mbichi, ikakauka nayo. Yalishikika barabara, na kasoro ilikuwa hiyohiyo. Bakuli lililogandishwa halitoki zima, na mashimo matupu yanayoonekana kwenye nguzo hizo yanaeleza yaliyofuata. Kwa hiyo sharti la kwanza tunalopimia kila kishikizo hapa ni kwamba chombo kitoke kama kilivyoingia, bila kukwanguliwa na bila kuachiwa alama. La pili, uzito ukae mahali ambapo chombo kina nguvu. La tatu, kwa vile hakuna kioo, kishikizo kistahimili kusukumwa.

Tuanze na vya dukani, maana ndivyo vinavyonunuliwa kwanza. Kile kishikio cha waya chenye springi mbili, cha kutundikia sahani ukutani, hakifai kabisa kwa chombo cha makumbusho. Springi haipumziki, inavuta ukingo usiku na mchana, na ukingo ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Sahani yenye ufa mwembamba kama unywele, usioonekana kwa macho, hufunguka taratibu mpaka siku moja ipasuke usiku bila kuguswa na mtu. Halafu kila unapoivalisha au kuivua, ncha za waya hukwangua rangi ya ukingoni. Kwa hewa ya pwani waya nao hushika kutu, na madoa ya kutu hupenya pale king'arishi, lile tabaka la kioo juu ya kaure, kilipobanduka.

Stendi iliyo tayari ya akriliki, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, ni nafuu kidogo, lakini imekatwa kwa sahani ya wastani isiyokuwepo popote. Sahani bapa huegemea mno, ile yenye kina na kitako kirefu husukumwa mbele na kitako chake mpaka inaning'inia kwenye midomo miwili ya stendi. Mara nyingi kingo za stendi hazijalainishwa, basi kilo nzima ya kaure inalala juu ya mistari miwili mikali. Na stendi yenyewe ni nyepesi mno. Ukiigusa inateleza pamoja na sahani.

Akriliki ya kupima ni habari nyingine. Fundi mzuri huchukua bamba la milimita 5, hulipasha joto kwenye mstari wa kukunjia tu, nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, hulikunja kwa kufuata umbo la chombo, kisha husugua kingo zote kwa msasa mpaka ziwe za duara. Ndani ya kabati la kioo kazi hiyo tunaipa alama za juu. Nje ya kabati tunasita. Akriliki haipindi kwa onyo, inakatika ghafla. Pia kila kunjo hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo usipotolewa kwa kuliweka bamba zima kwenye joto la nyuzi 80 kwa saa kadhaa, kitambaa kimoja chenye spiriti kikipita hapo hutokea nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Mahali palipo wazi, kitambaa hicho kitapita tu, kwa sababu akriliki huvuta vumbi na msafishaji ataona pachafu.

Nta ya makumbusho, ile nyeupe inayofinyangwa kwa vidole, inasifiwa kupita kiasi. Vipande vitatu vya ukubwa wa punje ya kunde chini ya bakuli vinatosha kulizuia lisitembee kwenye rafu iliyo sawa, na kulitoa ni kulizungusha polepole, au kupitisha uzi mwembamba chini yake. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Ila nta ni nta: chumba kikifika nyuzi 33 au 34, kama inavyokuwa ghorofani Mombasa mwezi Machi, inalegea. Chombo kilichoinama huanza kuteleza milimita kwa milimita, na hakuna anayegundua mpaka kimefika ukingoni. Kwenye vyombo vya udongo visivyo na king'arishi, mafuta yake huingia kwenye vinyweleo na kuacha doa jeusi lisilotoka. Huko lazima kwanza chini ya chombo papakwe vanishi ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, ya asilimia 10 ndani ya asetoni, ikauke kabisa, ndipo nta ifuate. Tuiite msaidizi, isibebe mzigo peke yake.

Mshipi wa kuvulia hutumika sana, hata Japani ambako makumbusho hufungia vyombo kwa ajili ya matetemeko. Hauonekani, ni rahisi, kila duka la pwani linao. Udhaifu wake ni kwamba nailoni hunywa unyevu na kurefuka, kwa hiyo mshipi uliokaza leo utakuwa umelegea baada ya miezi, na jua la dirishani huufanya mkavu ukatike. Ukilazimika, tumia mshipi wa florokaboni, upitishe ndani ya kijimrija laini cha poliethilini kila unapogusa ukingo, na fundo liwe mahali unapoweza kulikagua bila kuhamisha chombo. Mshipi mtupu juu ya ukingo wa kaure hufanya kazi ya msumeno.

Sasa brasi, ule mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwa sahani, bakuli au kigae kikubwa kinachokaa wazi, kishikizo cha brasi kilichotengenezwa kwa chombo kimoja hicho tu ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza, na kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ubora wake wote umo kwenye utengenezaji. Kikitengenezwa vibaya, afadhali nta.

Chukua mfano wa sahani ya upana wa sentimita 30, uzito wa kilo 1.2. Kishikizo chake kina uti mmoja wa fimbo ya milimita 5 unaopita nyuma, mikono miwili ya chini na mmoja wa juu ya fimbo ya milimita 3, na kila mkono unaishia kwenye ukucha uliofuliwa ukawa bapa, upana milimita 5, unene milimita 1.5. Kucha mbili za chini ndizo zinazobeba uzito. Kwenye uso wa saa ya ukutani zikae karibu na namba 5 na namba 7. Zikikaribiana zaidi sahani hupinduka upande, zikiachana sana hugeuka kabari na kuubana ukingo. Ukucha wa juu haubebi kitu; kazi yake ni kuzuia sahani isidondoke mbele. Sahani iegemee nyuma nyuzi 10 hadi 15, si zaidi, maana taa za juu zitamulika king'arishi na mgeni ataona mng'ao badala ya nakshi.

Kabla ya kukata fimbo hata moja, sahani ichunguzwe kwa tochi inayomulika kwa pembeni na kwa mwanga wa urujuanimno (UV) usioonekana kwa macho, ambao huonyesha gundi na rangi za matengenezo ya zamani. Ukucha hauwekwi juu ya ungio la zamani, wala kwenye ufa, wala ukingo uliomeguka. Ikiwa namba 5 ina ungio, sogeza ukucha, hata kama kishikizo hakitakuwa na ulinganifu wa kuvutia. Hapa ndipo unapomjua fundi wa kweli: anapima chombo, hakipimi kwa macho yake.

Aina ya brasi ina maana. Fimbo nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mashine za kukerezea zina madini ya risasi ndani, kiasi cha asilimia 3, na ukizikunja baridi hupasuka kwenye kona. Omba ile ya shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30, au 63 kwa 37. Ncha ya ukucha hupashwa moto mpaka iwe nyekundu hafifu, ikapoa, ikawa laini kiasi cha kupinda kwa vidole. Tahadhari: kila kupinda kunaifanya ngumu tena. Ukucha uliofunguliwa na kufungwa mara nne au tano bila kupashwa upya utakatika mkononi mwa mtumishi siku ya usafi. Kwa chombo kinachotolewa mara kwa mara, lipa zaidi upate ukucha wa juu unaoteleza ndani ya mrija na kukazwa kwa skrubu ndogo ya milimita 3 (M3).

Maungio hulehemiwa kwa lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwenye nyuzi 620 hadi 680, wakati brasi yenyewe huhimili hadi 900 na ushei. Lehemu laini ya bati, ile ya mafundi redio, haina nguvu ya kutosha na tumeona isikubaliwe kabisa kwenye kazi ya wazi. Baada ya kulehemu, dawa ya kusaidia lehemu lazima ioshwe yote kwa maji ya moto na asidi ya sitriki. Ikibaki hata chembe, huvuta unyevu wa hewani na kuitafuna brasi. Ukiona unga wa kijani kwenye kona ya kishikizo kipya, ndiyo sababu. Na chombo chenyewe hakikaribii moto: fundi hupinda waya laini wa alumini kwenye sahani, huuchukua huo kama patani, na kulehemu mezani kwingine.

Halafu bitana. Brasi tupu haigusi chombo. Kati ya ukucha na ukingo paachwe nusu milimita hadi milimita moja, nafasi hiyo ijazwe na bitana ya povu jembamba la poliethilini, au ukucha uvalishwe mrija wa poliolefini unaosinyaa kwa joto. Mrija huo usiwe wa PVC, kwa kuwa PVC hutoa polepole gesi ya haidrojeni kloridi, ikageuka asidi. Raba ya kawaida ina salfa, itakayoigeuza nyeusi kaure yenye pambo la fedha. Felti ya sufu nayo ina salfa na ni chakula cha wadudu. Sponji ya godoro inavunjika ikawa unga ndani ya miaka michache. Silikoni inayonuka siki inaponuka hivyo inatoa asidi ya siki, basi pua yako imeshakupa jibu. Kwa yale usiyoyajua, kipimo kinachotumika duniani ni kile kilichobuniwa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1973 na Andrew Oddy: kipande cha malighafi hufungiwa ndani ya chupa pamoja na vibati vya fedha, shaba na risasi, unyevu wa asilimia 100, nyuzi 60, siku 28. Vibati vikibadilika rangi, malighafi hiyo isikaribie mkusanyo.

Bitana ni muhimu zaidi kwa pembe za ndovu na vyombo vilivyotoka baharini. Siwa ya pembe, lile baragumu la sherehe, ikigusana na brasi tupu kwenye hewa ya unyevu hupata doa la kijani lisilofutika. Pembe pia hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, kwa hiyo inalazwa kwenye matandiko mawili ya povu gumu la poliethilini la kilo 45 kwa mita ya ujazo, yaliyochongwa kwa umbo lake na kufunikwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Haibanwi popote. Kwa pembe ya mita 2 anza na matandiko yaliyo sentimita 44 kutoka kila ncha, kisha yasogeze upande wa mwisho mnene mpaka mizigo ikaribiane. Nacho chombo cha udongo cha aina ya vilivyoopolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Taná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, kama hakijatolewa chumvi sawasawa, chumvi hiyo itamshambulia brasi kutoka ndani ya chombo.

Mwisho wa utengenezaji ni kuipaka brasi vanishi. Hapa tuna neno na mafundi wanaofuata maelekezo ya nchi za baridi. B-72 ndiyo inayopendekezwa kila mahali, lakini hulainika kwenye nyuzi 40, na kishikizo cha chuma kinachopigwa na jua la dirishani Dar es Salaam hufika hapo. Bitana hugandia kwenye rangi, na siku ya kutoa sahani unavuta na kuvuta. Tumia ndugu yake, Paraloid B-44, inayolainika kwenye nyuzi 60. Rangi ya akriliki ya kufananisha ukucha na nakshi ipakwe juu yake, na iachwe wiki 3 hadi 4 ikomae kabla ya kugusana na chombo. Wengi hawasubiri.

Tumesifu brasi, lakini kishikizo kizuri kisipofungwa mahali hakilindi kitu. Fanya hesabu. Sahani yetu ya kilo 1.2 imesimama juu ya bamba la chuma la sentimita 20 kwa 15, unene milimita 6. Bamba hilo lina uzito wa kilo 1.4. Jumla kilo 2.6. Mgeni akiusukuma ukingo wa juu, sentimita 31 kutoka chini, nguvu ya gramu 630 hivi inatosha kupindua vyote, na hiyo ni pungufu ya uzito wa chupa ya maji ya lita moja. Ukiongeza kina cha bamba hadi sentimita 25, unafika kilo 1.4 tu. Uzito peke yake hautoshi! Uti wa kishikizo lazima ukazwe kwa nati chini ya ubao. Ndani ya kidaka huwezi kutoboa chokaa ya kale, basi ubao ukatwe ujae kidaka chote, ukuta hadi ukuta na hadi nyuma, ukabwe kwa vipande vya povu gumu pande mbili visivyosukuma plasta kwa nguvu. Sahani ikisukumwa, inasukumana na ubao mzima na ukuta wa nyuma.

Kwa vyombo virefu hesabu ni kali zaidi. Mwezi Januari 2006 mgeni alijikwaa kwenye ngazi za Makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge, akaangukia mitungi mitatu ya Kichina ya enzi ya Qing iliyokuwa wazi kwenye kizingiti cha dirisha. Ilivunjika vipande mamia. Iliungwa kwa ustadi mkubwa, lakini hakuna uungaji unaorudisha nguvu ya kaure. Mtungi kama huo unahitaji kucha nne za umbo la L kwenye kitako na pete yenye bitana shingoni, iliyounganishwa na uti wa nyuma uliokazwa ukutani. Wako wanaotia mfuko wa mchanga ndani ili mtungi uwe mzito chini. Kwa mtungi mzima, mfuko wa poliethilini wenye shanga safi za kioo unakubalika. Kwa wenye ufa, la. Utausukuma ufa kutoka ndani.

Mtikisiko nao usidharauliwe. Mwaka 2013 sanamu ndogo ya Kimisri ya Neb-Senu, Makumbusho ya Manchester, ilionekana ikijigeuza yenyewe juu ya rafu ya kioo, watu wakaanza kusimulia mambo ya laana. Kumbe kitako chake kina kinundu, na nyayo za wageni na magari ya barabarani viliifanya izunguke mchana. Nta punje tatu ingeizuia. Tetemeko ni jambo jingine: lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na makumbusho ya Kanda ya Ziwa hayana budi kuwa na ukucha wa juu kwenye kila chombo kilichosimama. Makumbusho ya J. Paul Getty huko California huweka sanamu nzito juu ya vitako vinavyoteleza ili sakafu itikisike peke yake. Hizo ni gharama za wenye uwezo, lakini ukucha wa brasi ni gharama ya saa za fundi tu: kishikizo kimoja cha sahani humchukua mzoefu kati ya saa 4 na 8, na malighafi ni sehemu ndogo ya bei. Ukitozwa kwa uzito wa brasi, fundi huyo hajui anauza nini.

Unapopokea kazi, jaribu mambo haya kabla ya kulipa salio. Karatasi nyembamba ipite kati ya sahani na ukucha wa juu, isipite kati ya sahani na kucha za chini. Gusa ukingo wa juu kwa kidole: usisikie mgongano wowote wa kaure na chuma. Geuza kishikizo kitupu na pitisha uzi wa pamba kwenye kila ncha. Ukinasa, pana makali. Mwambie mtumishi ambaye hakuwepo wakati wa kufunga atoe sahani kwa kufuata karatasi ya maelekezo yenye picha, akiwa na bisibisi moja tu. Akizidi dakika moja, skrubu zimekuwa nyingi mno, na siku paa litakapovuja au moto utakapozuka hatawahi. Skrubu za kuzuia wezi, zile za pembe sita zenye kijiti katikati, ni nzuri mradi bisibisi yake itundikwe ofisini mahali panapojulikana na zamu zote.

Kasoro moja ya brasi inatokea baada ya fundi kuondoka. Dawa ya vioo yenye amonia huipasua brasi iliyokunjwa, bila kutu na bila dalili. Ukucha unakatika tu. Waambie wasafishaji wafute vumbi kwa brashi laini kavu, na chupa ya dawa isiingie chumba cha zidaka. Kisha kagua kila ukucha baada ya mwezi mmoja, halafu kila miezi sita, ukianza na zile zilizo karibu na dirisha linalotazama bahari.